Imegawanyika kwa ngapi?

Kosa lenyewe lilikuwa la kizembe, na lilikuwa langu. Miaka kadhaa kabla ya usiku huo nilitengeneza jedwali kwenye hifadhidata ya kazini, kila rekodi ikipewa namba yake ya utambulisho: 1, 2, 3, kuendelea. Mwisho sikuufikiria. Nani anafikiria mwisho wakati jedwali lina rekodi kumi na mbili za majaribio? Rekodi zikaongezeka, mfumo ukakua, mimi nikahamia kwenye mambo mengine, hadi usiku mmoja simu ikaanza kulia bila kunyamaza: hakuna rekodi mpya inayoingia. Nikafungua orodha ya makosa, nikakuta mstari uleule umejirudia maelfu ya mara. Rekodi ya mwisho kuingia salama ilikuwa na namba 2147483647.

Aliyewahi kuandika programu anaijua sura ya namba hii, kama unavyomjua jirani ambaye hujawahi kumsalimia. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye nafasi ya biti 32. Biti ni kama swichi, ama 0 (imezimwa) ama 1 (imewashwa). Moja inachukuliwa na alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Ziwashe zote, unapata 2 kipeo cha 31, toa 1. Kwa mfumo wa jozi inaandikwa kwa tarakimu 1 thelathini na moja zilizopangwa mstari mmoja, hakuna hata sifuri. Mifumo mingi ya zamani inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 ndani ya nafasi hiyohiyo, na ndiyo maana tarehe 19 Januari 2038, saa 9:14:07 usiku kwa saa za UTC, itagonga ukuta huohuo. Mimi niliugonga mapema.

Dawa yake inajulikana: panua nafasi kutoka biti 32 hadi 64. Shida ni kwamba jedwali lenye rekodi zaidi ya bilioni mbili halipanuliwi kwa dakika mbili. Linanakiliwa lote upya. Kwa kuvuta muda nikairudisha hesabu ianze na −2147483648 ikipanda kuelekea sifuri, maana upande wa hasi ulikuwa haujaguswa. Haipendezi, ila rekodi zikaanza kuingia. Nikaanzisha kazi ya kunakili, nikakaa kusubiri. Pembeni yangu alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Hakuna aliyemwambia akeshe. Alisema anataka kuona mambo yanavyoharibika, maana darasani huonyeshwa yanavyofanya kazi tu.

"Kaka," akasema, macho kwenye ile namba, "hii si namba tasa?"

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nikamwambia hapana. Nilijibu papo hapo, kwa sauti ya mtu anayejua. Nikampa na hoja: namba za namna hii, zenye tarakimu 1 tupu, huvunjika. 15 ni 3 × 5. 63 ni 7 × 9. 255, 1023, 4095, zote zinavunjika. Kitu kilichopangika hivi, nikamwambia, hakiwezi kukosa vigawo.

"Na 7 je? Na 31? Na 127?"

Hizo ni ndogo, nikasema. Jibu la ovyo, nakiri. "Subiri tuiulize kompyuta, mdogo wangu."

Nikaandika programu ya mistari saba, ile ambayo kila anayejifunza kazi hii huiandika mapema. Anza na 2. Angalia kama namba inagawanyika bila baki. Ikigawanyika, tangaza kwamba si tasa. Isipogawanyika, nenda 3, kisha 4, na uendelee mradi kigawo kikizidishwa kwa chenyewe hakijaipita namba. Zaidi ya hapo hakuna haja, maana namba ikivunjika vipande viwili, kimoja lazima kiwe hakizidi kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46340 na ushee. Kwa kompyuta, kugawanya mara 46,000 ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Haikuwa kufumba na kufumbua. Kishale kilipepesa, sekunde zikapita, nikajifanya sioni. Kisha likatoka jibu: SI TASA.

"Umeona?" nikamwambia.

Akainamisha kichwa kidogo. "Imegawanyika kwa ngapi?"

Swali la mtoto wa shule ya msingi, nami sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeiambia programu itaje kigawo. Nikaongeza mstari mmoja, nikaiendesha tena, tukasubiri zile sekunde zetu. Kigawo kilichopatikana: 2147483647.

Namba ilikuwa imegawanyika kwa yenyewe. Binti alicheka hadi akalaza kichwa mezani.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na nilipoelewa niliona aibu mara mbili, maana ni kosa lilelile la jedwali. Programu yangu ilihifadhi kila kitu kwenye nafasi za biti 32. Ilipofika 46340 mambo yalikuwa sawa: 46340 × 46340 ni 2147395600, bado chini ya namba yetu. Hatua iliyofuata ilipaswa kuwa ya kusimama, kwa kuwa 46341 × 46341 ni 2147488281, na imeshaipita. Lakini 2147488281 haienei kwenye nafasi ile. Ikamwagika upande wa pili, ikasomeka −2147479015. Programu ikajiuliza: je, hasi bilioni mbili na ushee imeipita namba? Haijaipita. Twende. Na hakuna siku ambayo ingeipita, kwa sababu ndani ya chombo hicho hakuna namba inayoipita 2147483647. Yenyewe ndiyo ukingo wa chombo. Basi ikaendelea kugawanya mara bilioni mbili hadi ikaifikia namba yenyewe, ikagawanya, baki sifuri, ikatangaza ushindi. Namba nyingine nyingi programu ile ingezijibu sawasawa. Nilikuwa nimeijaribu kwenye ile moja ambayo hapakuwa na namna ya kuivuka.

Nikarekebisha. Ikajibu papo hapo: TASA.

"Sasa hii ya pili tuiamini kwa nini?" akauliza. "Zote mbili umeandika wewe."

Alfajiri jedwali likakamilika, tukaenda kulala. Lakini swali lile lilinikaa kooni, na Jumamosi iliyofuata nikachukua daftari na penseli.

Kwa penseli huwezi kugawanya mara 46,000. Hata ukichukua namba tasa peke yake, chini ya 46341 zipo 4,792. Leonhard Euler, ambaye mwaka 1772 alithibitisha kwamba namba hii ni tasa, hakugawanya kwa zote hizo, na wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Alijua vigawo vya kuvitafuta viko wapi. Nilisoma njia yake nikaona ni nyepesi kiasi kwamba nilijilaumu kwa kutoifikiria.

Chukua namba tasa yoyote, tuseme q, inayodhaniwa kuigawanya 2 kipeo cha 31 toa 1. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, kila ukipita q unabakiza baki. Baada ya hatua 31 lazima urudi kwenye 1, maana ndivyo kugawanyika kunavyodai. Ni kama mtu anayezunguka uwanja. Kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi zaidi uliojificha ndani yake: ni hatua 31 kamili. Na Pierre de Fermat alishaonyesha kwamba baada ya hatua q − 1 pia unarudi kwenye 1. Kwa hiyo 31 lazima iigawanye q − 1. Namba tasa zote zaidi ya 2 ni witiri, hivyo q ni kigawe cha 62, ongeza 1. Basi. Ukitaka kuona kwamba si maneno, jaribu 2 kipeo cha 11 toa 1, yaani 2047. Ni 23 × 89. Ya kwanza ni 22 na 1, ya pili ni 88 na 1, na zote 22 na 88 ni vigawe vya 11. (Hii 2047 ndiyo ningemtajia binti usiku ule kama ningekuwa mwerevu: kipeo chenyewe ni tasa, na bado namba imevunjika. Tarakimu 1 zikiwa idadi isiyo tasa huvunjika daima. Zikiwa idadi tasa, hakuna anayekuahidi kitu.)

Kuna chujio la pili. Kama 2 kipeo cha 31 inabakiza 1, basi 2 kipeo cha 32 inabakiza 2. Na 2 kipeo cha 32 ni mraba wa 65536. Maana yake, kwa macho ya q, namba 2 yenyewe ni mraba wa kitu, na hilo hutokea kwa namba tasa zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Unganisha machujio mawili, vinabaki vigawo vya sura mbili tu: vigawe vya 248 ukiongeza 1, na vigawe vya 248 ukiongeza 63. Hadi 46340 zipo 373 za namna hiyo, ukiondoa zisizo tasa zinabaki kama themanini hivi. Kutoka 4,792 hadi themanini, kabla hujachonga penseli.

Wa kwanza kwenye foleni ni 311. Huhitaji kugawanya namba ndefu. Unapanda kwa kuzidisha. 2 kipeo cha 8 ni 256, ambayo ukitoa 311 ni −55. Mraba wake 3025, toa 311 mara kumi, −85. Zidisha −85 kwa −55, unapata 4675, ondoa 311 mara kumi na tano, inabaki 10. Hapo umeshafika kipeo cha 24. Zilizobaki ni hatua saba: 10 × 128 ni 1280, ukiondoa 1244 inabaki 36. Toa ile moja: baki 35. Basi 311 si kigawo. Akafuata 1303, baki 226. Akafuata 1489, baki 199. Nilikuwa nafurahia, kusema kweli. Kuna starehe ya pekee kwenye hesabu ambayo haina mteja wala tarehe ya mwisho.

Starehe iliisha kwenye ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimepita kama ishirini na kitu hivi nilipogundua kwamba kwenye mstari mmoja nilizidisha vibaya, na kilichonisumbua si kosa bali kwamba sikuliona. Baki lililokosewa lilikuwa 400 na kitu. Sahihi lilikuwa 700 na kitu. Yote mawili yanasema kitu kilekile: si sifuri, songa mbele. Ukurasa wa mabaki themanini yasiyo sifuri unafanana kabisa na ukurasa wa mabaki themanini yaliyokosewa. Kama kigawo cha kweli kingekuwepo na mimi nikajikwaa penye mstari wake, daftari lisingenong'ona. Ningeandika TASA chini, nikapiga mstari, nikafunga.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la binti. Anayesema namba imevunjika anaweza kuleta shahidi: hiki hapa kigawo, zidisha mwenyewe. Frank Nelson Cole alifanya hivyo mwaka 1903 mbele ya wanahisabati wenzake Marekani. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye namba hizi zimebaki na jina lake, alikuwa amedai mwaka 1644 kwamba 2 kipeo cha 67 toa 1 ni tasa. Cole alisimama ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 147573952589676412927 upande mmoja, upande wa pili akazidisha 193707721 kwa 761838257287, majibu yakalingana, akarudi kukaa. Wakampigia makofi. Hakuhitaji kuaminiwa. Lakini anayesema namba ni tasa analeta nini? Analeta "nimetafuta, sikuona". Pietro Cataldi, muda mrefu kabla ya Mersenne, alikuwa ametangaza kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Kwa 31 alipatia. Kwa zile tatu nyingine alikosea. Ya 23 inagawanyika kwa 47, kigawo kidogo tu.

Nikaliacha daftari kwa wiki kadhaa.

Katika wiki hizo nikakutana na namba yetu mahali pengine ndani ya mfumo uleule, na hapa naungama kosa la tatu. Tulikuwa na kipande cha programu kinachochagua rekodi kwa bahati nasibu kwa ajili ya ukaguzi. Njia yake ni kongwe na maarufu: chukua namba, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, baki ndiyo namba inayofuata. Hapa namba haikuwekwa kwa sababu ni ukingo wa biti 32. Iliwekwa kwa sababu ni tasa. 16807 ni 7 kipeo cha 5, na imechaguliwa ili mabaki yapite kwenye kila namba kutoka 1 hadi 2147483646, mara moja moja, kabla ya kujirudia. Mimi, zamani hizo nikitafuta kasi, nilibadilisha ile 47 ya mwisho ikawa 48, kwa kuwa kugawanya kwa 2 kipeo cha 31 ni rahisi kwa kompyuta: unakata biti tu. Tofauti ya moja. Nani angejali?

Lakini 2147483648 haina utasa wowote. Imejaa mbili tupu. Ukianza na namba witiri, ukazidisha kwa 16807 ambayo nayo ni witiri, ukabakiza kwa namba shufwa, unapata witiri. Kisha witiri tena. Milele. Kwa kipindi chote hicho ukaguzi wetu wa bahati nasibu ulikuwa haujawahi kugusa rekodi yenye namba shufwa hata moja. Hakuna aliyegundua. Niliirudisha 47 kimyakimya, kisha nikaona kimya hakifai, nikaandika taarifa.

Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kuhusu namba timilifu inayotokana na hii yetu, 2305843008139952128, ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe unaipata yenyewe. Alisema yaelekea ndiyo itabaki kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu mambo haya ni ya udadisi tu, hayana faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Namwelewa. Hata jina tulilozipa kwa Kiswahili, tasa, linazisema kama vitu visivyozaa. Lakini zile shufwa zangu zilizosahaulika zingemjibu Barlow.

Niliporudi kwenye daftari nilikuwa na njia nyingine, ya Édouard Lucas wa karne ya 19, iliyonyooshwa baadaye na Derrick Henry Lehmer. Inaanza na 4. Chukua namba uliyonayo, izidishe kwa yenyewe, toa 2. Ikiipita namba unayoichunguza, chukua baki. Kwa kipeo cha 31 unafanya hivyo mara 29. Ukifika kwenye sifuri, ni tasa. Usipofika, si tasa. Hakuna kigawo kinachoguswa popote. Kwa nini inafanya kazi ni habari ndefu zaidi kuliko ile ya Euler, nami sitajifanya naweza kuifupisha hapa bila kuiharibu.

4 inatoa 14. 14 inatoa 194. 194 inatoa 37634. 37634 inatoa 1416317954, na hapo ndipo penseli inapoanza kulia, kwa sababu mraba wa hiyo una tarakimu kumi na tisa. Lakini namba hii inatupa msaada, na msaada unatokana na sura yake. Mnajua jinsi ya kupata baki la 9: unajumlisha tarakimu, kwa kuwa 10 inabakiza 1. Hapa 2 kipeo cha 31 inabakiza 1, kwa hiyo 2 kipeo cha 32 inahesabika kama 2 tu. Nikavunja 1416317954 kuwa 21611 × 65536, ongeza 19458. Mraba wa kipande cha kwanza, mara mbili: 934070642. Kipande cha kati, yaani 2 × 21611 × 19458 × 65536, kinahitaji kukunjwa mara moja zaidi, kinatoa 1504470081. Mraba wa 19458 ni 378613764. Jumla 2817154487; toa 2147483647, toa 2, inabaki 669670838. Hatua ya tano imekwisha, bila kugawanya tarakimu kumi na tisa kwa kumi. Ujanja huohuo ndio unaowezesha kompyuta kupima namba za umbo hili zenye mamilioni ya tarakimu.

Nilifanya hatua tatu nne kila usiku. Kila hatua niliikagua kwa kutoa tisa, kama tulivyofundishwa zamani: jumlisha tarakimu za kila upande, ona kama zinakubaliana. Usiku wa mwisho nikafika hatua ya 29 nikapata namba ndefu isiyo na maana yoyote. Haikuwa sifuri wala haikukaribia.

Na hapa kuna jambo ambalo nimelipenda kuliko yote. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba kosa ni langu. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikalikuta kwenye hatua ya sita. Jibu lilikuwa 1937259419. Wakati wa kulihamishia juu ya ukurasa mpya niliandika 1937295419. Tarakimu mbili zimebadilishana viti. Kutoa tisa hakuwezi kuona kosa hilo, maana jumla ya tarakimu haibadiliki. Hatua ishirini na tatu zilizofuata zote zilikuwa hesabu safi juu ya msingi mbovu.

Nikaanza upya kutoka pale. Mara ya pili, hatua ya 27 ikatoa 1181536708, namba kama nyingine zote, imetapakaa ovyo. Nikaivunja: 18028 × 65536, ongeza 53700. Vipande vitatu: 650017568, 761325264, 736206353. Jumla 2147549185. Nikatoa 2147483647, ikabaki 65538. Nikatoa 2.

65536.

Baada ya hatua ishirini na tano za namba za fujo, ghafla 2 kipeo cha 16, safi. Sikuhitaji penseli kwa hatua ya mwisho: mraba wa 65536 ni 2 kipeo cha 32, ukitoa 2 unapata namba yetu mara mbili kamili. Baki sifuri. Nilijua wakati huohuo kwamba hakuna mstari uliokosewa nyuma. Kosa lolote, mahali popote, lingenitupa porini kama lilivyonitupa mara ya kwanza. Uwezekano wa kukosea halafu ukaangukia sifuri kwa bahati ni mdogo mno kuufikiria. Ukurasa wa Euler ulinyamaza nilipokosea. Huu ulipiga kelele, kisha nilipopatia ukasema.

Lucas alitumia njia ya ukoo huu mwaka 1876 kwa 2 kipeo cha 127 toa 1, tarakimu 39, bila kompyuta. Mwaka huohuo alionyesha pia kwamba ile ya 67 ya Mersenne si tasa, ila bila kuvitaja vigawo vyake. Ndiyo maana Cole alikuwa na kazi ya kufanya. Na Oktoba 2024 ilitangazwa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi hapo, 2 kipeo cha 136279841 toa 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant ndani ya mradi wa GIMPS ambao tangu 1996 unaunganisha kompyuta za watu wa kujitolea. Nao hurudia hesabu kwa mashine tofauti kabla ya kutangaza. Kompyuta nayo, ikihesabu kwa siku nyingi mfululizo, inaweza kupepesa biti moja, sawa na mimi na zile tarakimu mbili.

Wiki ya mwisho ya mafunzo yake nilimletea binti lile daftari. Hakusifu. Alifungua hatua ya tano, akazidisha mwenyewe pembeni, akafika 669670838, ndipo akageuza kurasa hadi mwisho akaiona 65536 na sifuri chini yake. Akatikisa kichwa taratibu.

"Na ukuta mpya, kaka? Ule wa biti 64 uliotuwekea?"

Nikaiandika: 9223372036854775807. Tarakimu 1 sitini na tatu. Nikamwambia hiyo si tasa.

"Imegawanyika kwa ngapi?"

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. "Saba," nikasema, nikamwandikia chini yake: 7 × 1317624576693539401.

Akachukua penseli yangu, akaanza kuzidisha.